Kiasi gani, hadi wapi, hadi lini: ulinganisho wa vitabu vinne vya picha kuhusu upendo wa mzazi

Vitabu vya watoto vinavyosimulia upendo wa mzazi huwekwa rafu moja dukani, na mnunuzi mwenye haraka huchukua chenye jalada la kupendeza zaidi akaenda zake. Nami nilikuwa nikifanya hivyo, nikiwanunulia wapwa na watoto wa marafiki, mpaka siku nilipompelekea mama mmoja aliyetoka kujifungua kitabu kilichomliza kwa namna ambayo sikuikusudia hata kidogo. Alikuwa amemuuguza mama yake mwaka mzima, na kitabu nilichodhani kinahusu mtoto mchanga kiligeuka mikononi mwake kuwa kitabu kuhusu marehemu. Tangu hapo nimejifunza kuuliza kwanza nani atakayesoma, nani atakayesomewa, na kitabu chenyewe kinajibu swali gani.

Vitabu ninavyovilinganisha hapa ni vinne. Cha kwanza ni Love You Forever, kilichoandikwa na Robert Munsch na kuchorwa na Sheila McGraw, kikachapishwa Kanada mwaka 1986. Cha pili ni Guess How Much I Love You cha mwaka 1994, kazi ya Sam McBratney wa Ireland ya Kaskazini na mchoraji Anita Jeram. Cha tatu, The Runaway Bunny, ndicho kikongwe kuliko vyote: Margaret Wise Brown na mchoraji Clement Hurd walikitoa Marekani mwaka 1942. Cha nne ni Papa, Do You Love Me? cha Barbara Joosse na mchoraji Barbara Lavallee, kilichotoka mwaka 2005, nacho kinatuhusu kwa karibu zaidi kwa sababu baba na mtoto wake ni Wamaasai. Vyote viliandikwa kwa Kiingereza, nami huwasomea watoto nikifasiri papo hapo, kwa hiyo nitagusia pia jinsi kila kimoja kinavyokubali au kukataa kugeuzwa Kiswahili mdomoni mwa mzazi aliyechoka saa mbili za usiku.

Ukivisoma kwa kufuatana utaona kwamba kila kimoja kinashughulikia swali lake. Sungura wa McBratney wanauliza unanipenda kiasi gani. Sungura wa Brown anauliza utanifuata hadi wapi. Mtoto wa Kimaasai anataka kujua ikiwa baba atakuwepo lolote litokee. Kitabu cha Munsch peke yake ndicho kinachouliza hadi lini, na kwa kuwa swali la muda halina jibu lisilogusa uzee na kifo, hicho ndicho kinachohitaji uangalifu mkubwa kabla ya kununuliwa.

Nianze na hicho basi. Hadithi inafunguka kwa mama aliyempakata mtoto mchanga, akimbembeleza na kumwimbia wimbo mfupi wa mistari 4, unaomwahidi kwamba atampenda siku zote za uhai wake. Mtoto anakua. Akiwa na miaka 2 anazunguka nyumba nzima akiangusha vitabu, akitoa vyakula kwenye friji, na kuitumbukiza saa ya mama yake chooni kisha kuvuta maji. Akiwa na miaka 9 hataki kuoga na humtolea bibi yake maneno mabaya. Akiwa kijana ana marafiki wa ajabu, nguo za ajabu na muziki wa ajabu. Kila hatua mama anakaribia kurukwa na akili mchana, na kila usiku, mtoto akishalala, anatambaa sakafuni mpaka kitandani, anachungulia kuhakikisha usingizi umekolea, kisha anamnyanyua na kumwimbia wimbo ule ule. Kijana anapokuwa mtu mzima na kuhamia nyumba yake mwenyewe, upande wa pili wa mji, mama anafunga ngazi juu ya gari, anaendesha usiku hadi huko, anapanda na kuingia kwa dirishani, na kumpakata mwanamume mzima aliyelala fofofo.

Ukurasa huo wa ngazi ndio unaowagawa wasomaji kokote kitabu kilikofika. Wako wanaocheka, wako wanaotokwa na machozi, na wako wanaokirudisha kitabu rafuni wakisema kwamba mama huyo hana adabu wala mipaka. Kwetu ukurasa huu una ugumu wa ziada. Madirisha yetu yana nondo, kwa hiyo watoto huuliza mara moja amepita vipi. Na mtu anayeingia nyumba ya mwenzake usiku wa manane kwa kunyemelea ni mwizi, au kwa watoto waliokulia visiwani na kusikia habari za wanga, ni jambo zito kuliko wizi. Mimi husoma ukurasa huo kwa sauti ya kichekesho, kwa sababu bila shaka ulikusudiwa kuwa kichekesho: mtoto akicheka pale, yale yanayofuata atayapokea akiwa bado karibu na wewe. Ukiusoma kwa uzito, utapata mtoto aliyetishika na mama aliyeonekana mwendawazimu.

Kinachofuata ndicho kiini cha kitabu. Mama amezeeka na ni mgonjwa. Anampigia mwanawe simu aje, naye anapofika anajaribu kumwimbia, lakini nguvu zinamwishia kabla hajaufikisha wimbo mwisho. Mwana anamnyanyua, anampakata, na kuuimba wimbo ule, isipokuwa katika mstari wa mwisho neno linalomtaja mtoto limegeuka kuwa mama. Msomaji wa pwani huenda akamkumbuka Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mnamo 1858 akiwa mgonjwa ili amwachie binti yake maneno ya kuishi nayo. Lakini pale mama ndiye mwenye kauli mwanzo hadi mwisho, ilhali hapa sauti inamkatikia njiani na mwana ndiye anayeumalizia wimbo. Kisha mwana anarudi kwake, anasimama kwa muda mrefu juu ya ngazi za nyumba bila kusema kitu, ndipo anaingia chumba alicholala binti yake mchanga na kumwimbia.

Munsch ameeleza hadharani chanzo cha wimbo huo. Yeye na mkewe walipata watoto wawili waliozaliwa wakiwa wamefariki, na mistari ile 4 ilikuwa wimbo wake kwa watoto hao, wimbo uliokaa kichwani mwake kwa muda mrefu bila kuweza kuuimba kwa sauti, kwa kuwa kila akijaribu alilia. Hadithi yenyewe ilimjia baadaye, akiwa jukwaani akiwasimulia watu hadithi, kama ilivyokuwa desturi yake, katika mji wa Guelph jimboni Ontario. Mchapishaji wake wa kawaida hakukitaka kitabu, akiona kwamba hakikuwa hasa cha watoto, kikaenda kwa Firefly Books, na kimeuzwa makumi ya milioni ya nakala. Kwa maoni yangu mchapishaji yule wa kwanza alikisoma sawasawa na kukosea biashara tu. Ni kitabu cha watu wazima kilichovaa nguo za kitabu cha watoto, na jalada lake, lenye mtoto mdogo aliyeketi sakafuni mwa msalani kando ya choo akichezea karatasi, linamficha mnunuzi kinachomngoja mwishoni. Ndivyo nilivyofichwa mimi.

Kwenye kufasiri kinatoa mtihani mzuri. Wimbo wa Kiingereza unatumia vitenzi viwili tofauti, kimoja cha upendo mzito na kingine cha kufurahia kuwa na mtu, na Kiswahili kimevibeba vyote viwili katika kupenda. Ukirudia “nitakupenda” mara mbili mfululizo, wimbo unakuwa bapa. Nimejaribu “kukupenda” na “kukuenzi”, nikajaribu “nitakupenda” na “utanipendeza”, na mpaka sasa kila usiku hutoka kwa namna yake. Hata jina la kitabu lina mitego: ukiliita “Nakupenda Daima”, jirani akisikia atadhani unatafuta wimbo wa bongo fleva. Kwa upande mwingine, mstari wa mwisho, ule unaosema kwamba mtu mzima bado ni mtoto wa mama yake, kwa Kiswahili unaingia bila kusukumwa, kwa sababu neno mtoto kwetu halina umri. Mzee wa miaka 60 bado ni mtoto wa fulani. Kiitikio hakikuchapishwa na noti za muziki ndani ya hadithi, kwa hiyo kila nyumba hujitungia lahani yake, na huenda hilo limekisaidia kitabu kudumu kuliko chochote kingine.

Ukitoka hapo na kufungua kitabu cha McBratney, ni kama umetoka chumba cha mgonjwa ukaingia bustanini. Sungura mdogo anapelekwa kulala, ameshika masikio ya sungura mkubwa, na anataka kumweleza jinsi anavyompenda. Ananyoosha mikono kadiri anavyoweza. Mkubwa ananyoosha yake, ambayo ni mirefu zaidi. Anaruka, mkubwa anaruka juu zaidi. Anataja njia inayoshuka hadi mtoni. Mkubwa anavuka mto na vilima. Mwishoni, usingizi ukiwa umeshamkamata, mdogo anasema anampenda hadi kule mwezini, na mkubwa, baada ya kumlaza kwenye majani na kumbusu, anaongeza kwa sauti ya chini safari ya kurudi. Maneno yote hayazidi ukurasa mmoja na nusu wa daftari. Jeram alichora kwa mistari ya wino na rangi za maji, akaacha nafasi nyingi nyeupe, na sungura wake wana mwendo halisi wa wanyama hata wanapofanya mambo ya watu.

Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4 sijaona kinachokishinda. Sababu yake ni ya mwili zaidi kuliko ya maneno: mtoto hasikilizi tu, ananyoosha mikono, anasimama juu ya kitanda, anaruka. Kiswahili nacho kinakipa zawadi ambayo mwandishi hakuijua. Mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kwetu ni kipimo kamili kiitwacho pima, ndugu wa shibiri na dhiraa, na wazee wetu walipimia kamba na kina cha bahari. Kwa hiyo sungura mdogo anaponyoosha mikono, unaweza kumwambia mtoto kwamba amependwa pima nzima. Angalizo moja: pale mwezini usisahau kiambishi cha mahali. Niliwahi kusema “nakupenda mpaka mwezi” nikaulizwa kwa dhati kabisa, “mwezi gani?”

Kingine kinachofurahisha ni kwamba viambishi vya Kiswahili havitofautishi mwanamume na mwanamke. Kwa Kiingereza sungura wote wawili ni wa kiume, na wasomaji wengi huwachukulia kuwa baba na mwana. Ukisoma kwa Kiswahili, “alinyoosha” na “aliruka” vinamwachia mtoto aamue kama mkubwa ni baba, mama, bibi au dada anayemlea. Kwa familia ambazo mlezi si mama wala baba, huu ni wepesi wa thamani.

Kasoro yake naiona katika ushindani. Mkubwa hushinda kila mara, hata neno la mwisho analisema yeye, mwenzake akiwa amelala na hawezi kujibu. Mzazi mwenye mtoto anayechukia kushindwa ajue hilo mapema; mimi hubadilisha kidogo na kumwacha mdogo ashinde kwenye kuruka, na hakuna aliyenishtaki.

Kitabu cha Brown nacho kina sungura, na hapa lazima niseme jambo linalovihusu vyote viwili. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi zetu anamjua sungura kama bingwa wa hila, aliyemdanganya fisi, akamchezea simba na kula shamba la mwenyewe mchana kweupe. Sungura mpole anayesema tu kwamba anapenda humshangaza mtoto huyo, naye hungoja ukurasa wa ulaghai ambao haufiki. Kwa The Runaway Bunny mshangao huo ni mdogo, kwa kuwa sungura mtoto kweli ana ujanja: anamwambia mama yake kwamba anatoroka, na kila anapotaja umbo atakalojigeuza, mama anataja umbo la kumfuatia. Akiwa samaki mtoni, mama atakuwa mvuvi. Akiwa jiwe mlimani, mama atakuwa mpanda milima. Akiwa mashua, mama atakuwa upepo wa kuipeleka anakotaka. Kujibizana huko kumetokana na mtindo wa nyimbo za kale za mapenzi za kusini mwa Ufaransa, na kwa sikio letu kuna ladha ya kujibizana kwa mafumbo, mmoja akitega na mwingine akitegua. Hurd alipokezanisha kurasa za michoro ya nyeusi na nyeupe zenye maneno na kurasa mbili mbili za rangi zisizo na neno hata moja, na kurasa hizo za kimya ndizo bora kitabuni, kwa sababu mtoto ndiye anayezisimulia.

Huyu ndiye ninayempa mtoto wa miaka 4 hadi 7, hasa yule aliyeanza kununa na kutangaza kwamba anahama nyumba. Watu wazima wengine humwona mama huyu kuwa msumbufu asiyempa mtoto pumzi, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo watoto niliowasomea hawakumwona hivyo. Wao walikuwa wanacheza kujificha, na katika mchezo huo kinachoumiza ni kutotafutwa. Mwishoni mtoto anaona afadhali abaki, na mama anamkaribisha karoti. Hakuna hotuba.

Kuhusu Papa, Do You Love Me? sitasema mengi. Mtoto anauliza na baba anajibu kwa kulinganisha upendo wake na mambo ya mazingira yao, kama morani anavyopenda kuruka, komba anavyoupenda mwezi na mzee anavyozipenda hadithi zake. Michoro ya Lavallee ni ya rangi kali na maumbo ya mviringo. Kina faida ambayo vingine havina: baba anasema waziwazi, kwa jina la baba, kwamba anampenda mwanawe, na kwa nyumba nyingi ambako baba huonyesha upendo kwa karo na viatu vya shule tu, kusikia maneno hayo yakitoka kwenye kinywa cha baba wa Kiafrika ni jambo. Lakini kiliandikwa na mtu wa nje kwa ajili ya watu wa nje, na kinaonekana hivyo. Mmaasai wake ni yule wa kadi za posta, mwenye mbuga na mkuki. Mtoto wa Arusha au Narok, ambaye mwenzake wa dawati moja ni Mmaasai mwenye sare na begi la shule, ataona picha imekatwa nusu. Kwa watoto wa Kiswahili wanaokulia Ulaya au Marekani kinaweza kuwa mlango wa mazungumzo, mradi mzazi awe tayari kuongeza ile nusu nyingine. Ukipenda mtindo huo wa maswali na majibu bila tatizo hili la karibu na nyumbani, ndugu yake wa mwaka 1991, Mama, Do You Love Me?, wa waandaaji wale wale, unahusu mama na binti wa nchi za barafu za kaskazini, na una ukweli mmoja mzuri: mama anakiri kwamba mtoto akikosea atakasirika au atahuzunika, na bado atampenda.

Kwa upande wa matumizi, nyumba yenye mtoto anayetafuna kila kitu inunue matoleo ya kurasa nene za kadibodi, ambayo yapo kwa vitabu vyote viwili vya sungura. Kitabu cha Munsch hupatikana zaidi kwa jalada laini, nacho ni chembamba, kurasa 32 tu, hivyo kinasafiri vizuri ndani ya bahasha. Nasema hivyo kwa sababu hicho ndicho kitabu kinachostahili kutumwa mbali. Mtu wa kumtumia ni kaka au dada yako mtu mzima, yule anayeishi Muscat, Toronto au Minneapolis na kupiga simu nyumbani kila Jumapili kuuliza hali ya mama. Usimtumie akiwa msibani katika siku za mwanzo, wala mama aliyepoteza mtoto, isipokuwa kama mnajuana kiasi cha kuweza kumwambia kabla kimeandikwa kutokana na nini. Kwa mjamzito na kwa sherehe ya kumtoa mtoto nje, peleka sungura wa McBratney, hakuna atakayekulaumu.

Ukiwa na fedha ya kitabu kimoja tu na mtoto wako hajatimiza miaka 5, nunua hicho hicho cha McBratney. Ukiwa na ya viwili, ongeza cha Munsch, lakini kiweke juu ya kabati na ukisome kwanza peke yako, mchana, mara mbili, mpaka uweze kupita ukurasa wa mama mgonjwa bila sauti kutetemeka. Ukifika pale mwana aliposimama kimya juu ya ngazi za nyumba, nyamaza nawe kidogo kabla ya kufunua ukurasa. Watoto huwa hawaulizi kwa nini amesimama. Wangu mdogo, kila tukifika hapo, hurudi nyuma kwenye gari na kuuliza kama ile ngazi nyingine mama aliirudisha nyumbani au aliiacha palepale dirishani.